Kwa Nini Tunageuza Mfuniko wa Sufuria ya Taco

Siku mliyoniaga kazini, vijana wangu, kati ya soda na keki, mmoja wenu aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini jikoni kwetu mtu akishatia chumvi lazima ageuze mfuniko wa sufuria juu chini, hata mwezi usio wa Ramadhani. La pili, kwa nini fomu yetu ya chakula ina sahihi mbili za walioonja, wakati jikoni nyingine sahihi ni moja, na mara nyingi ni ya mtu ambaye hata kijiko hajashika. Nilimjibu, "Ndivyo tulivyokuta," nikaendelea na keki yangu. Nilimdanganya, na aniwie radhi. Hatukukuta. Majibu yote mawili yametoka kwenye kisa kimoja, na mwenye kisa ameniruhusu kukiandika. Alisema, "Andika, Somoe, lakini uandike na namna ya kupika. Kisa kitupu bila chakula ni umbea."

Basi nitaandika vyote. Vyeo na mishahara siviweki humu, kwa sababu ukiviondoa hivyo kazi yangu bado inabaki nzima, na ukiviweka haiongezeki kitu.

Nilianza kazi nikiwa mama mtu mzima. Kabla ya hapo nilikuwa nalima korosho na muhogo na mume wangu kule Mpapura, Mtwara, na sifa yangu ilikuwa kupika kwenye shughuli: pilau la harusi, la hitima, la jando, masufuria yale ambayo mwiko wake unashikwa kwa mikono miwili. Kambi ya mafundi upande wa Madimba ilipotafuta wapishi, nikaenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji na kisu changu mwenyewe. Kisu walikizuia getini. Nikaingia jikoni mikono mitupu, mbele ya majiko ya gesi yamepangwa mstari, nikashindwa hata kuyasogelea. Mtu wa kuni akiona moto unawaka bila moshi anahisi kuna utapeli mahali.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Amade. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni, na Kiswahili chake mpaka leo kina Kimakonde ndani yake. Alikuwa mwembamba, jambo lililonitia shaka, maana wapishi niliowazoea walikuwa na miili ya kuonyesha kazi yao. Siku ile ya kwanza hakunipa kisu wala kitunguu. Alinipa kigoda.

"Kaa hapo," akaniambia. "Usishike kitu. Fumba macho, usikilize mafuta."

Nilifumba macho nikijisemea kwamba nimeacha shamba langu kuja kusikiliza mafuta. Akamwaga vitunguu. Mafuta yakapiga kelele.

"Hiyo kelele ni maji ya kitunguu yanatoka," akasema. "Ngoja. Sasa inapungua, unasikia? Maji yameisha. Ukichelewa hapa kinaungua. Ntu wa jikoni anatangulia sikio, nkono unafuata."

Nilikaa kwenye kigoda kile siku tatu. Siku ya nne nikapewa kabichi. Leo nikisikia mtu anakaanga huku simu yake inaimba, nasononeka kweli kweli, na mnanijua.

Taco ililetwa na fundi mmoja wa mitambo, Mmarekani aliyekulia karibu na mpaka wa Meksiko. Vijana wa geti walimpa jina la Bwana Spana na yeye akalipenda. Alikuwa mtu mpole aliyekula kila tulichompa, lakini usoni ulimwona ana njaa ya kwao. Siku moja akaja jikoni na kipande cha boksi alichochorea chakula: ganda la mahindi lililokunjwa na kukaangwa likawa gumu, ndani nyama ya ng'ombe ya kusaga, juu majani na nyanya. Akasema mama yake alikuwa anapika hivyo nyumbani, na kwamba cha hotelini si chenyewe. Mzee Amade akamwachia jiko moja. Akapika, akamwaga mafuta kila mahali, akampa Mzee kijiko.

Mzee alifumba macho. Wakati huo ulimi wake ulikuwa mzima, na nataka mlijue hilo: nimefanya kazi na wapishi wengi, sijaona ulimi kama ule. "Bizari nyembamba," akahesabu. "Saumu. Pilipili kavu. Nyanya ya kopo. Ndimu hakuweka, na ingetakiwa." Akafumbua macho. "Hamna kigeni hapa, Somoe, ila kule kukunja."

Kukunja ndiko kulikotutesa. Unga maalumu wa huko kwao haupatikani Mtwara. Tulijaribu sembe na maji ya moto, tukapata ugali. Tulijaribu sembe na maji ya baridi, ikapasuka kabla haijafika kwenye mafuta. Ilichukua wiki nyingi, na mbuzi wa mlinzi walinenepa kwa makosa yetu. Mwisho Mzee akapata hesabu, na ndiyo tunayoitumia hadi leo: vikombe viwili vya sembe laini, kimoja cha ngano, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta, maji yaliyochemka. Kanda ungali unaunguza vidole, funika kwa kitambaa, uache upumzike. Kata vidonge vya ukubwa wa ndimu. Weka kidonge kati ya karatasi mbili za nailoni, kandamiza kwa kitako cha sufuria mpaka kiwe chembamba. Babua kwenye chuma cha chapati kisicho na mafuta, pande zote mbili, kisha ukikunje juu ya kipande cha mwanzi na kukidumbukiza kwenye mafuta ya moto huku umekishika kwa koleo. Mwanzi ndio unaozuia ganda lisijifunge. Mzee aliukata mwenyewe kando ya Ruvuma na hakuruhusu mtu mwingine auoshe.

Nyama ni rahisi, ila urahisi wake ndio unaowaponza wengi. Msagishe muuza nyama mbele ya macho yako, iwe na mafuta kidogo. Kama hana mashine, ichukue nyumbani uikatekate kwa visu viwili, ukivipigisha kama mtu anayecheza ngoma. Sufuria iwe pana, moto uwe mkali, na ukishaimwaga nyama iache. Msiikoroge! Iache ishike rangi chini, ndipo uigeuze. Kisha vitunguu, saumu, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, pilipili ya unga, nyanya ya kopo na maji nusu kikombe. Ichemke mpaka maji yaondoke na mafuta yajitenge. Chumvi mwisho. Ndimu ukishaepua. Kabichi ikatwe nyembamba badala ya yale majani ya kizungu, na badala ya jibini, korosho zilizokaangwa na kupondwa pamoja na pilipili na maji ya ndimu. Bwana Spana alipoonja korosho zile juu ya taco alisema atamwandikia mama yake, na nadhani alimwandikia, maana wiki iliyofuata aliomba tena namna ya kuzitengeneza.

Basi Alhamisi ikawa siku ya taco.

Sasa nije kwenye mfuniko. Wale wa zamu ya asubuhi tulikuwa Waislamu watupu, na Ramadhani tunapika mchana kwa ajili ya wasiofunga bila mtu wa kuonja. Akina mama wachache walikuwa na siku zao za udhuru. Hao waliingia stoo na kijiko na hakuna aliyeuliza kitu. Lakini mimi kwa umri ule udhuru ulikuwa umekwisha kuniaga, na wengine hivyo hivyo. Ndipo Mzee akaweka kanuni: kila sufuria ina karatasi yake ya vipimo, na atakayetia chumvi anageuza mfuniko, kishikio kiangalie ndani. Ukikuta mfuniko umegeuzwa, usiguse chumvi. Ukikuta haujageuzwa, tia kama karatasi inavyosema. Idi ikifika mifuniko inarudi kama kawaida, kwa sababu ndimi zimerudi kazini. Kanuni hiyo ilitufaa Ramadhani nyingi.

Ule mwaka wa mafua makali Mzee Amade aliugua. Alilala majuma matatu, akarudi amekonda zaidi, tukachinja kuku kwa furaha. Baada ya hapo akaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Tukamsifu. Nilimwambia mume wangu, "Mzee Amade ugonjwa umemkurubisha kwa Mungu." Siku nyingine ambazo hafungi, sufuria ikiiva alisema, "Onja wewe, Somoe, mimi nimeshiba," na mimi nikaona heshima nimepewa, nikaonja.

Jumanne moja mwenzangu Shaibu alichanganya makopo, akatia chumvi kwenye chupa ya chai mahali pa sukari. Shaibu alikuwa baba wa watoto wanne, mchapakazi, mwenye haraka ya mtu anayekimbizwa. Mzee akajimiminia kikombe, akanywa taratibu mpaka mwisho, akashukuru Mungu, akaosha kikombe. Mimi nikajimiminia kutoka chupa ile ile na nikaitema nje ya mlango. Nilisimama pale nimeshika kikombe, nikaelewa yote kwa mpigo mmoja: kushiba kwake, kufunga kwake, kunipa kijiko kwake.

Nilimfuata stoo. Hakukataa.

"Tangu ile homa," akasema. "Asali, pilipili, kahawa, vyote kwangu maji ya moto. Na harufu nayo imekwenda. Daktari kasema huenda vikarudi, huenda visirudi."

"Na ile funga, Mzee?"

"Nafunga kweli. Mungu sijamdanganya, Somoe. Niliowadanganya ni ninyi." Akakaa juu ya gunia la mchele. "Nimebakiwa na miaka mitatu ya kazi. Wakijua, kesho wananirudisha nyumbani. Na nyumbani ntakwenda kuwa nani? Tangu nina akili mimi ni mpishi. Sikujifunza kuwa kitu kingine."

Sikuwahi kumwona mtu mzima yule akiinamisha kichwa. Nikamwambia, "Ulimi wangu upo. Tutautumia wote." Hatukuapa wala kupeana mikono. Nikachukua kijiko tukarudi jikoni.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mwaka mzima na zaidi. Naonja, nageuka kwake, nasema, naye anarekebisha. Sasa, mimi nimelelewa Mpapura. Mtu mzima humwambii kwamba chakula chake kibaya. Hata kilipokuwa kibaya nilisema, "Kinakwenda vizuri, Mzee," na kikiwa kibaya sana nilisema, "Kinakwenda vizuri, labda." Ajabu ni kwamba yeye aliongeza kile kile kilichopungua, chumvi kama ni chumvi, ndimu kama ni ndimu, na akapatia karibu kila mara. Niliona ni uzoefu wa miaka. Hakuna sahani iliyorudi.

Ikaja Idi iliyoangukia Alhamisi. Mitambo haisimami kwa Idi, kwa hiyo kambi ilikuwa na watu, na Bwana Spana aliomba taco iwe ndiyo chakula cha sikukuu cha kambi nzima. Tukakubali kwa furaha. Usiku mwezi ukaonekana, asubuhi tukapeana zamu za kwenda kuswali. Na katika hali hiyo akatokea mkaguzi wa chakula kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mrefu mwenye faili. Alipanga safari akidhani Idi ni kesho yake. Ikawa ndiyo hivyo, keshafika. Akatugawia barakoa wote, akatuambia yeyote atakayeishusha mbele ya chakula ajihesabu yuko nje.

Mimi nilitia chumvi kwenye sufuria kubwa ya nyama na nikaiacha na mfuniko wake kama kawaida. Kichwani kwangu Ramadhani ilikuwa imekwisha. Shaibu akarudi kutoka kuswali, kanzu bado iko chini ya aproni, akakuta mfuniko haujageuzwa. Kichwani kwake Ramadhani ilikuwa haijatoka. Akasoma karatasi, akatia chumvi yote iliyoandikwa, akageuza mfuniko kwa adabu kabisa. Hayo tulikuja kuyajua baadaye.

Wakati wa kupakua ulipofika mkaguzi akaleta vijiko viwili. "Mpishi mkuu na msaidizi wake waonje mbele yangu," akasema. "Barakoa chini, kijiko mdomoni, barakoa juu. Halafu mpishi mkuu asaini."

Mzee hakuwa na pa kujificha. Ilikuwa Idi, na hata mtoto mdogo anajua siku hiyo kufunga ni haramu. Kushiba nako asingeweza kusema mbele ya fomu. Tukachota pamoja, tukaonja pamoja. Ulimi wangu ulikauka. Chumvi ile ilikuwa ya kuhifadhia samaki. Nikapandisha barakoa kama nilivyoamriwa, na Mzee akanitazama. Alinitazama muda mrefu. Nikamtolea macho. Mkaguzi alikuwa amesimama kati yetu na kalamu yake, na mimi nikawa natafuta neno la heshima ambalo lingesema chumvi imezidi bila kusema kwamba mpishi mkuu hajaisikia. Neno halikupatikana.

"Imekaa sawa," Mzee akasema. "Pakueni." Akasaini.

Nikanyamaza. Nimeunguza vyakula vingi katika maisha yangu, nimevunja vyombo, siku moja nilisahau gesi wazi. Lakini kosa langu kubwa kuliko yote ni kunyamaza kule, na bado linaniuma.

Sahani ya kwanza kurudi ilikuwa ya Bwana Spana mwenyewe. Tulimwona aking'ata, ganda likalia vizuri, kisha taya likasimama. Akanywa maji glasi nzima, akaja mpaka dirishani na kusema kwa upole, "Mzee, leo chumvi nyingi. Nyingi sana." Nyuma yake wakafuatana wengine. Mkaguzi akachukua kijiko kipya, akaonja, akaufunga mdomo.

"Nani ameonja hii?"

Shaibu akajitokeza mbio. "Mimi ndiye niliyetia chumvi, mama. Mfuniko haukugeuzwa."

"Mimi nilitia kabla yake," nikasema. "Na mimi ndiye sikugeuza."

"Sijauliza nani ametia," mkaguzi akasema. "Nimeuliza nani ameonja."

Mzee Amade akavua kofia yake ya kazi, akaishika mbele ya tumbo.

"Ni mimi, mama. Na sikusikia kitu. Sisikii chumvi wala sukari, huu mwaka wa pili. Hawa hawana kosa." Kisha, kabla yule mama hajafungua mdomo, akageuka. "Maswali mengine utaniuliza, nipo. Lakini watu hawajala na leo ni sikukuu. Somoe, zile mbaazi zilizochemshwa za jioni, zimetiwa chumvi?"

"Bado, Mzee."

"Zilete zote. Shaibu, ndimu. Hizo mbaazi ponda nusu, nusu ziache nzima."

Tukaigawa nyama katika masufuria mawili, tukajazia mbaazi zisizo na chumvi, nyanya mbichi na maji ya ndimu. Mzee akasimama katikati akiinamisha sikio kwenye kila sufuria, akatuambia lini tupunguze moto na lini tuongeze. Mimi nikashusha barakoa mbele ya mkaguzi na kuonja, nikaonja tena, na safari hii nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Bado kali. Ongeza mbaazi." Yule mama hakunikataza. Chakula kilichoharibika cha kambi moja kikatosha kambi, walinzi, madereva, na majirani waliokuja kutupa mkono wa Idi. Mkaguzi alikula taco tatu. Nilizihesabu.

Baada ya hapo alijifungia ofisini. Tukakaa nje ya mlango, Shaibu midomo inamcheza kwa dua, Mzee ameshavua na aproni yake na kuikunja vizuri. Aproni ile iliyokunjwa ndiyo iliyoniliza. Tukaitwa ndani, mimi na yeye.

"Mwaka wa pili huu," mkaguzi akasema, "ni nani aliyekuwa anaonja?"

"Huyu," Mzee akasema, akanionyesha.

"Na sahani zilikuwa zinarudi?"

"Za kwanza ni leo."

Alipekua faili lake. Kisha akachukua rula na, chini ya pale palipoandikwa jina la aliyeonja, akapiga mstari wa pili. "Kuanzia leo wanaonja wawili, na kila mmoja anasaini peke yake, bila kumwangalia mwenzake. Na mifuniko igeuzwe mwaka mzima. Mzee, wewe utasaini ulichokisimamia. Leo nimekuona ukisimamia." Akafunga kalamu. "Ungeniambia asubuhi, baba yangu, ningekuazima ulimi wangu mwenyewe."

Kwa hiyo vijana, mkisaini ile fomu mkinung'unika, nung'unikeni mkijua. Ule mstari wa pili ulimpa mtu miaka yake iliyobaki. Alimaliza kazi yake kwa heshima, kwenye jiko lake, na siku ya kuondoka akaniachia ule mwanzi. Nimewahi kufikiri kama mkaguzi angekuwa mtu mwingine, au kama Shaibu angetafuta wa kumsingizia, au kama Bwana Spana angepiga kelele badala ya kuja dirishani kwa upole. Nimepata bahati ya watu maishani mwangu, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja.

Sasa niko nyumbani, hapa Mtwara mjini, na jiko langu ni la plate mbili. Mzee Amade naye anakaa mjini. Ulimi haukurudi. Funga ya Jumatatu na Alhamisi hakuiacha. Anasema ilianza kwa hila ikaishia kuwa yake. Kila Alhamisi anakuja na bajaji kabla ya magharibi, anakaa kwenye kigoda jikoni kwangu, na mimi napika taco za kufuturu. Anakula zile zilizokauka sana, kwa sababu anapenda kuzisikia zikivunjika. Anasema hicho ndicho kilichobaki kwake, sauti na joto, na kwamba si haba.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na haraka, wajukuu wamekuja. Nikakaanga nyama, nikatia mbaazi kama tulivyofanya tangu Idi ile, nikachota kijiko na kuonja. Kabla sijasema neno, Mzee akasema kutoka kwenye kigoda chake:

"Ongeza chumvi. Na ndimu kidogo."

Alikuwa amepatia. Nikasimama na kijiko mkononi. "Umejuaje, Mzee?"

"Kwa uso wako. Chumvi ikipungua unavuta mdomo upande. Ndimu ikipungua unapandisha pua. Kikiwa kibaya kabisa unatabasamu." Akacheka kidogo. "Maneno yako sikuwahi kuyasikiliza, Somoe. Maneno yako yana adabu mno. Kama ningeyafuata, tungefukuzwa wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nasoma uso."

Nikakumbuka sikukuu ile, jinsi alivyonitazama muda mrefu, na mimi nimefunikwa kutoka puani mpaka kidevuni.

"Ile Idi," nikasema.

"Ile Idi ulivaa barakoa," akasema Mzee Amade. "Niliona macho tu, na macho humtoka ntu hata kwa utamu. Ndiyo maana mpaka leo sijakulaumu kwa kunyamaza. Haya, tia chumvi, adhana hiyo inakaribia."

Nikatia chumvi, nikakamua ndimu, nikageuza mfuniko.